Siku Nne Kutoka Ngozi Hadi Matema: Namna ya Kupanga Mapumziko Mafupi Rungwe na Kyela

Kutoka Uyole, pembeni ya jiji la Mbeya, hadi Matema ni mwendo wa nusu siku kwa gari, lakini asubuhi utavaa sweta na jioni utaomba feni. Hapo katikati kuna volkano tatu, yaani Ngozi, Rungwe na Kiejo, kuna maziwa ya kreta, mashamba ya chai, migomba isiyoisha, mpunga na kakao. Lami inapoishia unakutana na Ziwa Nyasa, na Milima ya Livingstone imelisimamia upande wa mashariki.

Wageni wengi huiharibu safari hii kwa orodha ndefu. Wanataka kupanda Rungwe, kuchungulia Ngozi, kuona Daraja la Mungu, maporomoko ya Kaporogwe, maua ya Kitulo na ufukwe wa Matema ndani ya siku tatu, kisha wanarudi nyumbani wameona zaidi vioo vya gari. Ratiba iliyopo hapa ni ya kupunguza: kreta moja, ziwa dogo moja njiani, ufukwe mmoja. Vingine viache kwa safari nyingine. Kitulo hasa usiiingize. Iko juu ya uwanda wa mita 2,600 hivi, njia zake ni tofauti, na maua yenyewe huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ambao si wakati wa kwenda Ngozi wala Matema.

Hatua ya kwanza: anzia Jumamosi, kisha hesabu kurudi nyuma

Karibu kila kitu kwenye njia hii kitakusubiri siku yoyote, isipokuwa soko la vyungu la Lyulilo, kijiji kilicho jirani na Matema, ambalo huwa Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi lazima uamke Matema. Ukishaliweka hilo, ratiba inajipanga yenyewe:

Jumatano unafika Mbeya na kulala.
Alhamisi unapanda Ngozi, unalala Tukuyu.
Ijumaa unashuka polepole kwenda ziwani, unalala Matema.
Jumamosi soko asubuhi, maji mchana, unalala Matema tena.
Jumapili unarudi.

Kuna sababu ya kuanza na mlima na kumalizia na ziwa, na si utamu wa kuogelea tu. Ngozi ina ukungu, na ukungu hauna adabu. Ukipanda Alhamisi ukakuta kumefunga kabisa, bado umelala Tukuyu na unaweza kurudi Ijumaa alfajiri ukajaribu tena, halafu ukashuka Matema kwa kuchelewa kidogo. Aliyeanza na ziwa akaiacha Ngozi kwa siku ya mwisho hana akiba hiyo, maana basi lake la kurudi halisubiri mawingu yapishe. Tena nguo na viatu vyenye matope ya Ngozi hukauka vizuri kwenye joto la Kyela. Ukigeuza mpangilio utasafiri navyo vibichi hadi nyumbani.

Mwenye siku tatu pekee aanze Ijumaa: Ngozi alfajiri na mapema, achape mwendo moja kwa moja hadi Matema kabla giza halijaingia. Atakosa ziwa la Masoko na Daraja la Mungu. Sioni kama ni hasara kubwa. Akiikosa Ngozi yenyewe ndiyo hasara.

Hatua ya pili: chagua mwezi, na hapa usifanye haraka

Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na sababu inaonekana kwa macho. Upepo wenye unyevu unatoka kusini juu ya ziwa, unapita tambarare ya Kyela, unagonga miteremko ya Rungwe na Kiejo, unapanda, unapoa na kumwaga maji. Ndiyo maana migomba ya Tukuyu ni ya kijani mwaka mzima. Ndiyo maana pia mtu anayekwenda Machi kwa sababu alipata likizo Machi atatembea ndani ya wingu, na akishuka Kyela anaweza kukuta maji yamejaa barabarani. Mvua huanza kama Novemba na kuendelea hadi Mei.

Unabaki na Juni hadi Oktoba, na humo ndani kuna mambo mawili yanayovutana.

Juni na Julai hewa ni safi. Mvua imetoka kuosha vumbi, na siku nzuri ukiwa juu unaona mbali sana. Lakini Tukuyu na vijiji vya Isongole huwa baridi kweli, baridi ya koti na si ya shuka la mabegani, na huko chini upepo wa kusini-mashariki hulivuruga ziwa. Mawimbi ya Nyasa si ya kuchezea. Kuna siku wavuvi wenyewe hawaingii, na ukiona mitumbwi yote imevutwa juu ya mchanga mchana kweupe, usiulize zaidi.

Septemba na Oktoba maji yametulia na yana joto zuri, usiku wa Tukuyu unavumilika, njia ya Ngozi imekauka. Ubaya wake ni moshi. Watu wanachoma mashamba na nyasi, hewa inakuwa na utusitusi, na Milima ya Livingstone ambayo Juni ungeihesabu mikunjo yake inageuka kivuli cha bluu tu.

Kwa anayependa kupiga picha, mwishoni mwa Juni. Kwa familia yenye watoto wanaotaka maji, Septemba. Mimi ningechagua Septemba hata bila watoto, kwa sababu ziwa lililotulia lina faida nyingi kuliko mlima unaoonekana vizuri zaidi. Desemba ikwepe. Wanyakyusa waliotawanyika nchi nzima wanarudi nyumbani kwa sikukuu, magari yanajaa, vyumba vinajaa, na mvua nayo ndiyo imepamba moto.

Hatua ya tatu: kufika Mbeya

Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, kwa hiyo unaweza kupanda Jumanne jioni ukafika Jumatano ukiwa na mchana mzima wa kupumzika, na kwa safari ya siku chache huo ndio mpango mzuri kuliko kuondoka alfajiri na kuingia Mbeya usiku ukiwa umechoka. Chagua kiti cha katikati ya basi, si cha nyuma. Barabara kutoka Kitonga hadi Mbeya ina kona za kutosha kumfanya aliye nyuma ajute.

Ndege hutua Songwe, nje ya jiji upande wa kwenda Tunduma. Uwanja huu nao una ukungu wake wa asubuhi, kwa hiyo usipange ndege ya Alhamisi asubuhi halafu Ngozi siku hiyohiyo. Treni ya TAZARA ni safari tamu kwa mwenye wiki mbili. Mwenye siku nne asiikaribie, kwa sababu ikichelewa nusu siku imekula Ngozi yote.

Jumatano hiyo jioni ukiwa Mbeya fanya mambo mawili tu. Toa fedha taslimu za kukutosha hadi Jumapili. Tukuyu na Kyela kuna benki na mawakala wa simu, lakini Matema usitegemee wakala awe na salio la kutosha siku ya gulio. Na omba noti ndogo, maana mtu wa bodaboda, mama wa vyungu na mwenye mtumbwi hawana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi. Jambo la pili ni kutafuta gari la kesho.

Hatua ya nne: gari la Alhamisi

Magari ya Tukuyu na Kyela, kosta na noah, hupatikana stendi ya Nane Nane upande wa Uyole, na siku nyingine zote za safari hii yanatosha kabisa. Alhamisi ndiyo ya kufikiria. Njia ya kwenda Ngozi inachepuka kutoka barabara kuu kijiji cha Mchangani, kabla hujafika Kiwira, na kutoka barabarani hadi mwanzo wa msitu bado kuna kilomita kadhaa za vumbi au matope. Bodaboda zipo. Tatizo ni begi. Ukishuka Mchangani na begi kubwa, utaliacha kwa nani?

Kama mpo watatu au wanne, kodini noah au teksi kutoka Mbeya kwa siku nzima: iwapeleke hadi inapoweza kufika, isubiri na mizigo, kisha iwashushe Tukuyu. Hapa ndipo pa kutumia fedha katika safari yote. Ukiwa peke yako, panda gari la kawaida hadi Tukuyu Jumatano hiyohiyo kama umefika Mbeya mapema, chukua chumba, acha begi, na Alhamisi alfajiri urudi nyuma hadi Mchangani na kibegi kidogo.

Unapopatana na dereva au bodaboda, sema yote matatu kwa pamoja: kwenda, kusubiri na kurudi. Bei ya kwenda peke yake ukiwa umekwama juu msituni inajua kuzaa.

Hatua ya tano: mizigo

Unafunga kwa hali ya hewa mbili. Ukingo wa Ngozi uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na ufukwe wa Matema uko chini ya mita 500, na kati ya sehemu hizo mbili unalala usiku mmoja tu.

Kwa juu: sweta nzito au koti, koti la mvua hata kama ni Agosti, suruali ndefu, na viatu vyenye meno ya kushika tope. Raba za kutembelea mjini zitakuangusha. Kwa chini: nguo nyepesi za mikono mirefu kwa ajili ya mbu wa jioni, kanga au kikoi, kandambili, miwani ya kuogelea. Kyela ina malaria nyingi, kwa hiyo dawa ya kupaka haijadiliwi, na kama una chandarua chako kidogo kibebe. Vyandarua vya gesti vipo, lakini matundu yake yanajulikana kwa mbu kuliko kwa mwenye gesti.

Tochi, kitambulisho, na mfuko usiopitisha maji wa kuwekea simu. Basi.

Hatua ya sita: Alhamisi, Ngozi

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Lengo ni kuwa juu ya ukingo kabla ya saa nne, kwa sababu kadiri jua linavyopanda ndivyo mawingu yanavyoanza kujikusanya ndani ya kreta.

Msitu huu ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu, na bei ya Mtanzania ni tofauti na ya mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho kiwe karibu. Lipa ukiwa bado kwenye mtandao. Chukua kijana wa kukuongoza kutoka kijijini hata kama mtandaoni umeona njia inaonekana rahisi. Njia za wakata mianzi ni nyingi na ukungu ukishuka zote zinafanana.

Mwanzo unapita mashamba ya viazi. Kisha unaingia msituni na njia inapanda bila kukuuliza. Udongo wake ni mweusi, mlaini, wa majivu ya volkano, na palipo na unyevu unateleza kama sabuni, kwa hiyo mwombe kijana akukatie fimbo au akuchagulie moja ya zile zilizoachwa chini na waliotangulia. Baada ya muda mianzi inaanza, imeinama pande zote mbili mpaka njia inakuwa giza. Tembea polepole hapo na uangalie matawi ya usawa wa macho. Vinyonga wapo, na kijana anayeijua kazi yake atakuonyesha mmoja ambaye wewe ulikuwa umempita ukimtazama. Kwa mwendo wa kawaida, wenye kupumzika, ni saa moja na nusu hivi kutoka mwanzo wa msitu.

Juu, miti inaisha ghafla na ardhi nayo inaisha. Ziwa liko chini sana, la kijani, limefungwa na kuta za msitu pande zote, na urefu wake ni kama kilomita mbili na nusu. Ukikuta ukungu mweupe mtupu, usikate tamaa na usianze kushuka. Kaa. Toa chai. Mara nyingi upepo hufungua kipande, kwanza unaona alama ya maji bila ufukwe, kisha ukuta wa upande wa pili, na baada ya dakika chache unaweza kuwa unaona ziwa lote. Upe upepo nusu saa, ikibidi saa nzima.

Usishuke majini. Ukuta ni mkali, njia si ya kila mtu, na eneo lote lina jotoardhi hai chini yake, na gesi zake hazina sababu ya kukujulisha zilipo. Picha nzuri zote zinapigwa kutoka juu.

Ukirudi barabarani kula. Kisha endelea hadi Tukuyu, oga maji ya moto, na ulale mapema. Kama bado una miguu jioni hiyo, tembea pembeni ya mashamba ya chai kuelekea Katumba, uutazame Mlima Rungwe ukiwa wazi kama una bahati. Una mita 2,960 hivi, na katika msitu wake anaishi kipunji, nyani mwenye kishungi kichwani ambaye wanasayansi walimgundua mwaka 2003 tu. Wawindaji wa hapa walimjua siku zote. Kumwona kwenyewe ni kazi ya siku nyingi msituni, kwa hiyo usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kipunji kwa saa mbili.

Hatua ya saba: Ijumaa, kushuka

Ijumaa ndiyo siku ya kutokuwa na haraka, na una chaguo la njia mbili.

Ya kwanza ni kurudi nyuma kidogo hadi Kiwira kuona Daraja la Mungu, ambapo Mto Kiwira unapita chini ya tao la mwamba lililoachwa na lava, na Kijungu, ambapo mto huohuo unasokotwa kwenye shimo la mwamba. Kijungu kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo jiandikishe getini, sema shikamoo kwa afande, na usipige picha majengo wala askari. Saa mbili zinatosha kwa sehemu zote mbili.

Ya pili, na ndiyo ninayoipenda zaidi, ni kupita Masoko. Njia hii inashuka kusini-mashariki mwa Tukuyu hadi ziwa dogo la kreta, duara karibu kamili la kipenyo cha mita 700 hivi, ambalo wengine huliita Kisiba. Pembeni yake kuna majengo ya mawe ya enzi za Wajerumani, na wenyeji watakusimulia jinsi wanajeshi wa Kijerumani walivyotupa silaha na fedha ziwani wakikimbia Vita vya Kwanza vya Dunia. Simulizi hiyo ina wasimulizi wengi na kila mmoja ana kiasi chake cha fedha. Keti chini ya mti, sikiliza, nunua ndizi. Kisha njia inaendelea chini hadi Ipinda. Uliza Tukuyu hali yake siku hiyo kabla hujaingia. Ikiwa imenyesha juzi, zunguka kwa barabara kuu.

Kwa barabara kuu unashuka kupitia Ushirika, na ukikaribia Kyela unachepuka kushoto Kikusya. Kutoka hapo hadi Matema kupitia Ipinda ni kama kilomita 39. Ukitumia magari ya abiria utabadilisha Kyela mjini au Ipinda, na magari ya mwisho kwenda Matema si ya usiku. Uwe umefika Ipinda kabla ya saa tisa alasiri.

Fungua dirisha kwenye kipande hiki. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka Kyela, na msimu ukiwa umeiva utaona mbegu zake zimeanikwa kwenye mikeka na maturubai mbele ya nyumba, na harufu yake ni ya uchachu kuliko unavyotarajia kwa kitu kinachokuja kuwa chokoleti. Kwenye mpunga utakutana na mchele wenyewe wa Kyela ukiwa bado umesimama shambani. Nunua mchele siku ya kurudi, si leo.

Hatua ya nane: kulala Matema

Sehemu za kulala ni chache na zimejipanga ufukweni, baadhi zikiwa za makanisa na nyingine za watu binafsi. Piga simu wiki moja kabla kama unakwenda wikiendi au wakati wa likizo za shule, na uliza maswali manne: chumba kina chandarua, kuna umeme usiku kucha, chakula kinapikwa hapohapo, na vinywaji gani vinaruhusiwa. Swali la mwisho linaokoa aibu kwa wale wanaofika nyumba ya kanisa na kreti mkononi.

Chakula kiagize mapema. Jikoni nyingi za hapa zinaanza kupika baada ya kukuona, na samaki anaweza kuwa bado yuko kwenye mtumbwi. Uliza kama kuna mbasa. Akiwepo, usiangalie menyu tena. Akikosekana, kula dagaa wa ziwani na wali.

Hatua ya tisa: Jumamosi

Kwa kuwa milima iko mashariki, jua la Matema huchelewa kutokea. Kumeshapambazuka kabisa lakini ufukwe bado uko kivulini, na hizo ndizo saa nzuri za kutembea. Fuata ufukwe kuelekea milimani hadi Lyulilo. Wakati huo wavuvi wa usiku wanarudi na taa zao, na bei ya dagaa inajadiliwa kabla mtumbwi haujagusa mchanga.

Vyungu vinaletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vingine vya Wakisi vilivyo chini ya milima. Wafinyanzi ni wanawake. Chungu hakitoki kwenye mashine yoyote: mama anakizungusha kwa mkono, anakikwangua ndani na nje mpaka ukuta unakuwa mwembamba, anakipaka udongo wa rangi na kukichoma kwa moto wa wazi. Utavitambua kwa michirizi yake myeupe na myekundu. Kabla hujanunua, kigonge kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinajibu kwa sauti ya kukauka. Angalia pia mdomo wake kama uko sawa kwa kukigeuza chini juu ya mkeka. Vingi vya hapa vinanunuliwa na wachuuzi wa jumla wanaovipeleka Mbeya na mbali zaidi, kwa hiyo fika kabla ya saa tatu, kabla hawajachukua vile vizuri. Msalimie mama kwanza, jadili bei kwa heshima na usiishushe mpaka chini kabisa. Ukimwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, huenda akakuongezea kifuniko. Omba akufungie kwa majani makavu ya migomba, ambayo yanakilinda kuliko gazeti.

Kama ziwa limetulia, panda mtumbwi au boti hadi Ikombe ukaone vyungu vinavyofinyangwa. Nenda asubuhi, urudi kabla ya upepo wa alasiri. Dai jaketi okozi, na kama mwenye boti hana, tafuta mwingine.

Hatua ya kumi: maji

Ziwa Nyasa lina kina kinachofikia mita 700 hivi na lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, mamia kwa mamia, wengi hawapatikani kwingine kokote. Huna haja ya kuzamia kuwaona. Mchanga unapoisha na mawe ya mlima yanapoingia majini, vaa miwani, lala kifudifudi, na utawaona samaki wadogo wa bluu na wa njano wakichunga mwani juu ya mawe, kila mmoja akilinda jiwe lake.

Sasa tahadhari, na hizi zisikilize zote. Mamba na viboko wapo upande wa mdomo wa Mto Lufilyo, magharibi mwa kijiji. Ogelea pale wenyeji wanapoogelea na watoto wao, na kila siku uliza upya. Usiogelee usiku. Kichocho kipo ziwani. Konokono wake hupenda maji yaliyotuama, yenye majani na matete, kwa hiyo sehemu ya mawe au mchanga wazi wenye mawimbi ni salama zaidi, ingawa si salama kabisa. Jikaushe kwa taulo mara tu unapotoka, usiachie jua likukaushe.

Ukiona nguzo nyeusi zikipanda juu ya maji kwa mbali, si moto wa mtu. Ni wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka majini kwa mamilioni. Upepo ukiwaleta ufukweni funga mdomo, funga dirisha, zima taa.

Hatua ya mwisho: Jumapili na baada yake

Magari ya asubuhi kutoka Matema hupungua Jumapili kwa sababu ya ibada. Ulizia Jumamosi jioni ni gari gani la kwanza na linaondokea wapi, na mwachie konda namba yako. Nunua mchele Ipinda au Kyela. Barabara ya kupanda kutoka Kyela hadi Uyole ina malori ya mpakani na ukungu wa kushtukiza maeneo ya Isongole, kwa hiyo panga uwe umeimaliza kabla ya jioni. Basi la usiku la Dar utaliwahi bila kukimbia, na chungu kiweke miguuni pako, kisiende buti.

Ukifika nyumbani weka kikumbusho kwenye simu cha wiki sita hadi nane mbele: nenda kituo cha afya, waambie uliogelea Ziwa Nyasa, omba kipimo cha kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, na dozi hupangwa kwa uzito. Usipime mapema zaidi ya hapo, mayai yanaweza yasionekane. Homa ikija kabla ya tarehe hiyo usiisubirie kikumbusho, kapime malaria siku hiyohiyo.